Udongo wa Mfinyanzi na Siri ya Tetemeko la Ardhi

Wakati wa likizo yangu iliyopita nilisafiri hadi Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, kumsindikiza binamu yangu ambaye ni koplo jeshini. Kwa miaka saba alikuwa akiweka akiba katika mshahara wake, na mkewe akiongeza kidogo kidogo kutokana na maandazi aliyouza kambini. Sasa walitaka kununua kiwanja wajenge nyumba yao wenyewe. Kwani, kama kila askari ajuavyo, nyumba ya kambi ni ya kazi, na siku ya kustaafu hukabidhiwa mwingine. Pamoja nasi alikuwapo mjomba, baba yake koplo, ambaye naye alistaafu katika polisi zamani.

Kiwanja kilikuwa kizuri kwa macho. Kilikuwa bondeni, chini kabisa ya mteremko, karibu na kijito, na bei yake ilikuwa nafuu. Koplo alichutama, akachota tonge la udongo, akalifinyanga mkononi mpaka likawa laini kama ugali.

"Mwalimu," aliniambia, kwani nyumbani bado huniita hivyo ingawa niliacha ubao na chaki nikaingia ofisini, "wasema huku kuna matetemeko. Lakini tazama udongo huu. Tetemeko likija, ardhi hii italipokea kama godoro lipokeavyo mtu aliyeanguka. Nyumba zitakazovunjika ni zile zilizo juu ya mwamba mgumu."

Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, mwaka 1966 nyumba yetu ilikuwa juu ya udongo laini kama huo." Hakuongeza neno.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Akiba ya miaka saba na maisha ya watoto wanne yalikuwa yakitegemea jibu la swali moja: je, udongo laini ni rafiki au adui wa mtu aishiye penye ufa wa ardhi? Nimelitafuta jibu hilo, na kwa kuwa najua kwamba wengi wa wasomaji wetu, askari na jamaa zao, wako katika mashauri hayo hayo ya kununua kiwanja, nawaletea hapa niliyoyapata.

MWAMBA NAO HUPINDA

Tumezoea kusema kwamba jambo fulani ni imara kama mwamba. Lakini mwamba nao una mwisho wa uvumilivu wake. Chukua kijiti kibichi cha mti ukipinde polepole. Kwanza hupinda, na ukikiachia hurudi kama kilivyokuwa. Ukizidi kukipinda, huvunjika kwa kishindo. Mwamba ulio karibu na uso wa dunia, ambako ni baridi, ndivyo ulivyo: husukumwa, hupinda kidogo sana kwa miaka mingi, kisha hukatika. Lakini mwamba ulio chini sana, kwenye joto kali, haukatiki hivyo. Huwa kama nta iliyowekwa juani, ukasogea taratibu bila kuvunjika.

Mahali mwamba ulipokatika, na pande zake mbili zikasogea moja kando ya nyingine, ndipo tunapopaita ufa wa ardhi. Ufa ukishakuwapo, nguvu za dunia hazitafuti mahali pengine pa kupasua. Hurudi pale pale palipo dhaifu. Kwa hiyo pande mbili za ufa husagana tena na tena kwa maelfu ya miaka, kama mawe mawili ya kusagia, na katikati yake hubaki unga wa mwamba. Unga huo, pamoja na maji yanayopenya humo, ndio mwanzo wa habari yetu.

JARIBIO LA MEZANI

Jambo hili mzazi aweza kuwaonyesha watoto wake nyumbani bila gharama. Chukua tofali moja, ubao mrefu, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Funga mpira kwenye tofali, kisha uuvute mpira taratibu, kwa mwendo ule ule, ili tofali lisogee juu ya ubao. Utaona kwamba tofali halisogei mara moja. Mpira hutanuka, hutanuka, na ghafula tofali huruka mbele, kisha husimama. Endelea kuvuta: litatulia tena, kisha litaruka tena.

Hilo ndilo tetemeko la ardhi. Mkono wako ni nguvu za dunia ambazo hazipumziki. Mpira ni mwamba unaopinda na kuhifadhi nguvu. Ubao na tofali ni pande mbili za ufa. Mruko ule wa ghafula ndio unaoangusha nyumba. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Harry Fielding Reid aliieleza kanuni hii mwaka 1910, baada ya kuchunguza tetemeko lililouharibu mji wa San Francisco mwaka 1906. Na mwaka 1966 wataalamu Brace na Byerlee walionyesha kwamba mwendo huu wa kukwama na kuruka, walioupima katika vipande vya mawe maabarani, ndio unaofanana na chanzo cha matetemeko.

Sasa paka ubao udongo wa mfinyanzi uliolowa maji, uvute tena. Mara hii tofali litateleza polepole kufuata mkono wako, bila mruko mkubwa. Hapo mtoto ataelewa kwamba kitu kilicho katikati ya pande mbili kina neno kubwa katika jambo hili.

UDONGO HUU WATOKA WAPI

Fundi wa vyungu anajua kwamba udongo wake si mchanga. Mchanga ni punje. Udongo wa mfinyanzi ni vijikaratasi vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za daftari. Maji huingia kati ya kurasa hizo, nazo huteleza. Ndiyo maana udongo huo hufinyangika, na ndiyo maana njia yake huangusha watu wakati wa mvua.

Ndani ya ufa, mwamba uliosagwa hukutana na maji, mara nyingi ya moto, yapandayo kutoka chini. Maji hayo huyabadili madini magumu ya mwamba, na pole pole unga hugeuka udongo. Iko jamii ya udongo iitwayo smektaiti, ambayo hunywa maji mengi ikavimba. Hiyo ndiyo yenye kuteleza kuliko nyingi nyingine. Ikizikwa chini zaidi, joto lipitalo kiasi cha nyuzi 100 huifukuza maji yake, nayo hugeuka taratibu kuwa ilaiti, udongo ulio na nguvu kidogo zaidi. Kwa hiyo ufa mmoja waweza kuwa na tabia hii kwa juu na tabia nyingine kwa chini.

Wataalamu hupima utelezi kwa njia ambayo kila mchukuzi wa magunia ataielewa. Jiwe la kilo 100 likiwa juu ya jiwe jingine, kwa kawaida lahitaji msukumo wa kilo 60 mpaka 85 ili lisogee. Kanuni hii Byerlee aliitangaza mwaka 1978, nayo ni kweli kwa karibu kila aina ya mwamba. Udongo ndio unaoivunja.

UFA UNAOTAMBAA HUKO CALIFORNIA

Katika jimbo la California nchini Marekani uko ufa uitwao San Andreas, wenye urefu upatao kilometa 1,200. Sehemu zake hazina tabia moja. Sehemu ya kaskazini, iliyo karibu na San Francisco, imekwama. Hiyo ndiyo iliyoruka mwaka 1906, na watu wapatao 3,000 wakafa. Lakini katikati, kaskazini ya kijiji cha Parkfield, ufa haukukwama. Unatambaa kimya kimya, hadi milimita 30 hivi kwa mwaka, mwendo ambao haufikii hata ule wa kucha za vidole kukua. Daraja lipitalo juu yake limepinda. Karibu na mji wa Hollister, katika miaka ya 1950, iligunduliwa kwamba kuta za kiwanda cha mvinyo zilikuwa zikivutwa mbali taratibu, kwa kuwa jengo lilikuwa juu ya ufa.

Kwa nini sehemu hii hutambaa na ile hukwama? Ili kupata jibu, wataalamu walichimba kisima karibu na Parkfield, wakakipinda kikiwa chini hadi kikaukata ufa wenyewe, karibu kilometa 3 chini ya ardhi. Kazi hiyo ilifanywa mwaka 2004 na 2005, na mwaka 2007 wakatoa vipande vya mwamba kutoka ndani ya ufa. Hawakukuta pango wala shimo. Walikuta matabaka mawili ya kitope, moja lenye upana wa mita 1.6 na jingine mita 2.6, yamejaa udongo wa jamii ya smektaiti uitwao saponaiti. Hapo hapo ardhi ilikuwa inatambaa, hata bomba la chuma la kisima likaanza kupindwa.

Udongo huo ulipopimwa maabarani, jiwe letu la kilo 100 lilihitaji msukumo wa kilo 15 tu. Tena lilionekana jambo la pili lenye maana kubwa zaidi: udongo huo ukisukumwa kwa kasi zaidi, huwa mgumu zaidi. Hujizuia wenyewe, kama mtu mwenye busara ashikaye breki anapoteremka mlima. Ndiyo sababu hutambaa, wala hauruki.

Koplo wetu angesikia habari hii peke yake, angeshangilia. Lakini hakimu hasikilizi shahidi mmoja.

SHAHIDI WA PILI: JAPANI

Tarehe 11 Machi 2011, kando ya pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, ufa wa chini ya bahari uliruka katika tetemeko la kipimo cha 9.0. Sakafu ya bahari, karibu na handaki kuu la bahari, ilisogea kiasi cha mita 50 kwa mara moja. Maji yalisukumwa yakaja nchi kavu kama ukuta, na watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea.

Wataalamu walishangaa. Walikuwa wakidhani kwamba sehemu ile ya juu ya ufa, iliyo karibu na sakafu ya bahari, kwa kuwa ina udongo laini, haiwezi kuruka. Wakifikiri itatambaa tu, au itakuwa breki. Mwaka 2012 meli ya kuchimba iitwayo Chikyu ilipelekwa mahali penyewe. Kina cha maji pale ni karibu kilometa 7, na chini ya sakafu ya bahari keekee ilishuka mita 850 hivi. Mnamo mita 820 waliukuta ufa. Ufa uliosogea mita 50 na kuua maelfu ya watu ulikuwa na unene usiozidi mita 5, na zaidi ya robo tatu ya kitope chake ilikuwa smektaiti.

Julai mwaka huo huo waliteremsha vipima joto 55 ndani ya kisima, wakaviacha kwa miezi tisa. Mtu akisugua viganja vyake hupata joto. Vivyo hivyo ufa uliosuguana huacha joto, na kwa kulipima joto hilo twaweza kujua msuguano ulikuwa wa nguvu kiasi gani. Vipimo vilipotolewa Aprili 2013 vilionyesha ongezeko la nyuzi 0.31 tu. Maana yake, jiwe letu la kilo 100 lilikuwa likiteleza kwa msukumo wa kilo 8 hivi. Ufa haukuwa na breki hata kidogo.

Imekuwaje udongo wa jamii moja ukajizuia California na kuteleza Japani? Jibu liko katika kasi na maji. Udongo ukisukumwa taratibu, hutambaa. Lakini mruko ulioanzia chini, penye mwamba mgumu, ukiufikia udongo kwa kasi ya ghafula, maji yaliyo ndani yake hupata joto kwa msuguano, hutaka kupanuka, wala hayapati pa kutokea kwa kuwa udongo wa mfinyanzi haupitishi maji upesi. Wafinyanzi hutumia sifa hiyo hiyo kutengeneza mtungi. Basi maji yaliyofungwa hutunisha nguvu na kuuinua mwamba ulio juu yake, kama mvuke uinuavyo kifuniko cha sufuria. Na breki hutoweka.

UDONGO WA CHINI NA UDONGO WA JUU

Mpaka hapa tumezungumza juu ya udongo ulio ndani ya ufa, mamia ya mita au kilometa chini. Hapa ndipo koplo alipokosea, na ni kosa la wengi: alichanganya udongo ule wa ndani na udongo huu tunaoukanyaga. Udongo wa juu hauna kazi ya kuteleza katika ufa. Kazi yake, tetemeko likija, ni kupokea mitikisiko na kuipitisha kwenye nyumba. Nao hauipunguzi, huikuza.

Ushahidi ni wa mji wa Mexico. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la kipimo cha 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilometa 300 kutoka mjini humo. Kwa umbali huo, mji ungetegemewa kutikisika kidogo. Lakini sehemu kubwa ya mji ule imejengwa juu ya ziwa la zamani lililokauka, na chini yake ni udongo mlaini wenye maji mengi. Udongo huo ulitikisika kama uji katika bakuli. Majengo mengi ya ghorofa yaliporomoka na maelfu ya watu wakafa, hali majengo yaliyokuwa vilimani, juu ya mwamba, yalisalimika kwa wingi. Godoro la koplo liligeuka pembea.

KWETU KATIKA BONDE LA UFA

Mambo haya si ya ng'ambo tu. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa waanzia kaskazini ya Ziwa Albert, ukapita Rwenzori, Ziwa Edward, Kivu na Tanganyika, hadi Ziwa Nyasa. Ardhi yetu hapa haisagani kwa kupitana kama ile ya California. Inavutwa ikitengana, milimita chache kwa mwaka, na bonde linazama huku kingo zake zikiinuka. Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, ni mwamba ulioinuliwa kando ya nyufa hizo. Maji ya moto ya Sempaya yanayochemka bondeni Semliki, na yale ya Kibiro kando ya Ziwa Albert ambako akina mama huchuja chumvi, hupanda kwa njia ya nyufa hizo hizo.

Na matetemeko twayajua. Subukia, nchini Kenya, lilitokea Januari 1928, likapasua ardhi kwa kilometa nyingi. Tarehe 20 Machi 1966 lilikuja lile la Toro, likaua watu wapatao 150. Februari 1994 Fort Portal na Kisomoro zilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 6.2. Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba nchini Tanzania, na nyumba nyingi za matofali zikaanguka.

Jioni moja baadaye mjomba alinisimulia habari ya alfajiri ile ya 1966. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Ukuta wa jikoni uliangukia ndani, naye akavutwa mguu na mama yake akatolewa nje. Dada yake mdogo hakutolewa kwa wakati. Kwa miaka yote ya utumishi wake, alisema, kila alipohamishwa kituo kipya, jambo la kwanza lilikuwa kuutazama ukuta ulio karibu na kitanda cha watoto.

KWA WENYE KUJENGA

Basi nawaomba wenzangu wanaopanga kujenga katika nchi za bonde hili wayashike haya. Usijenge chini kabisa ya mteremko mkali, kwani udongo uliolowa huteremka hata bila tetemeko. Usijenge juu ya mstari wa ufa unaoonekana ardhini kama ngazi. Uepuke kinamasi kilichojazwa udongo. Chagua ardhi ngumu iliyo tambarare. Uliza wazee wa mahali, kisha ulize ofisi ya wilaya, nayo iulize Idara ya Jiolojia na Madini iliyoko Entebbe.

Katika nyumba yenyewe, shika pembe. Matofali ya pembeni yafumwe, yasiegemezwe tu. Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke kuta zote juu ya milango na madirisha, usikatike, kama mkanda wa askari usivyofaa ukikatika. Paa liwe jepesi. Usiweke kabati nzito kichwani pa kitanda.

Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, ushike mguu wake, ufunike kichwa. Usikimbilie mlangoni wakati matofali yanaanguka. Ikitulia, zima moto wa sigiri, toka nje pamoja na watoto, wala msirudi upesi, kwani tetemeko kubwa hufuatwa na mengine madogo yanayomalizia kuta zilizolegea. Mambo haya yafanyiwe mazoezi nyumbani, kama tufanyavyo mazoezi ya moto kambini.

Kuhusu koplo: hakukinunua kile kiwanja. Alipata kingine juu kidogo, penye ardhi ya changarawe ngumu, kidogo zaidi kwa eneo na ghali zaidi kwa bei. Mkewe alinung'unika juu ya fedha zilizoongezeka, mpaka mjomba alipomwita kando wakazungumza. Sijui alimwambia nini, ila tangu siku ile hakunung'unika tena. Msingi umekwisha chimbwa. Barua yake ya mwisho yasema wanangoja fedha za nondo za ule mkanda, na kwamba hawatapandisha ukuta hata tofali moja juu ya madirisha kabla hazijapatikana.